Mama, Usibaki Jikoni Siku ya Mkutano Mkuu

Tunawaandikia kutoka Rubya, wilayani Muleba, mahali ambapo wengi wenu mnapafahamu kwa ajili ya hospitali na seminari. Safari hii hatuwaletei habari za hospitali wala za seminari, ingawa miongoni mwetu tunaoandika wamo wauguzi, na sote ni watumishi wa kujitolea kanisani. Tunawaletea habari za mkutano. Tunajua kwamba neno hilo huwachosha wengi. Lakini tuvumilieni, maana mkutano huu ulihusu maji wanayokunywa watoto wetu, na kwa miaka kadhaa tuliukosa kwa sababu ya sufuria ya ndizi.

Kijijini kwetu kipo chama kidogo cha kutunza mazingira. Jina lake hatutalitaja, kwa kuwa yatakayosemwa hapa yangeweza kusemwa juu ya vyama vingi. Kilianza kwa kuotesha miche, kikaendelea kwa kulinda chemchemi mbili zilizoko bondeni. Kina katiba, kina leja, kina mhuri. Wanachama walio wengi ni akina mama. Sisi ndio tuliobeba samadi ya kitalu kichwani, ndio tuliomwagilia miche katika kiangazi cha Juni na Julai, na ndio tuliochimba mfereji wa kuzuia maji ya mvua yasiingie kwenye chemchemi. Hata hivyo, kila mwaka siku ya mkutano mkuu ilipofika, sisi tulikuwa nyuma ya jengo tukipika.

Hakuna aliyetufukuza ukumbini. Sisi wenyewe tuliona ndivyo inavyofaa. Mgeni rasmi anakuja, wengine wanatembea mwendo mrefu, haiwezekani watu wakae tangu asubuhi bila kutia kitu kinywani. Basi wenzetu wakifungua mkutano, sisi tunamenya ndizi. Wakithibitisha muhtasari wa mkutano uliopita, tunachambua maharage. Yatokanayo yanatukuta kwenye moshi. Taarifa ya fedha inasomwa wakati wa kuunga mchuzi. Uchaguzi wa viongozi ukifika tunaitwa kwa haraka, "Akina mama, njoni mpige kura!" Tunaingia tukijifuta mikono kwenye kanga, tunanyoosha mikono juu kumchagua mtu ambaye hatujui mwaka mzima amefanya nini, kisha tunarudi kupakua. Kinachobaki ni Mengineyo, na wakati huo kila mtu anautazama mlango ambao chakula kitaingilia.

Kwa miaka mitatu mfululizo, habari ya chemchemi ya chini ilikuwa kwenye Mengineyo.

Maji yaliyopungua

Wengi wetu tulipoolewa hapa, ndoo ya lita 20 ilijaa kwenye chemchemi hiyo kabla hujamaliza kusalimiana na uliyemkuta. Siku hizi, kiangazi kikikaza, unaweka ndoo, unakaa juu ya jiwe, unaanza rozari. Unamaliza mafungu yote matano ndipo ndoo inajaa. Waliochoka kungoja huteremka kwenye dimbwi la bondeni, ambako ng'ombe nao hunywa.

Sisi tulio wauguzi tunajua kinachofuata, maana tunakipokea mikononi. Analetwa mtoto anayeharisha, macho yameingia ndani, ukiifinya ngozi ya tumbo inachelewa kurudi. Mama aliyekwisha kuchanganya nyumbani lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta, akamnywesha mtoto kidogo kidogo bila kuacha kunyonyesha, kisha akashika njia ya zahanati, huyo amefanya kazi nzuri kuliko ajuavyo. (Usikadirie chumvi kwa macho, mama. Ikizidi inamdhuru mtoto.) Lakini kumtibu mtoto na kumrudisha kwenye dimbwi lile lile ni kuteka maji kwa tenga.

Juu ya chemchemi, kwenye mteremko, kuna shamba la mikaratusi. Ni mali ya mzee mmoja anayeheshimika sana hapa kwetu. Aliipanda miaka ya 1980, wakati watu walipohimizwa kupanda miti, na alipongezwa hadharani kwa kazi hiyo. Wala hatusemi kwamba mkaratusi ni mti mbaya. Nani kati yetu hajajenga kwa nguzo zake au kupika kwa kuni zake? Ni mti uliotoka Australia, unakua upesi, mizizi yake inakwenda mbali, na wakati wa kiangazi nyasi zinapokauka wenyewe unabaki kijani kwa kuwa unaendelea kunywa. Ukiupanda kilimani, mbali na maji, hakuna neno. Ukiupanda mlangoni pa chemchemi, umeleta mgeni asiyeshiba. Wenzetu wa Afrika Kusini wamelitambua hilo hata katika sheria: sheria yao ya maji ya mwaka 1998 inayahesabu mashamba ya miti ya biashara kuwa shughuli inayopunguza maji ya mito, na tangu mwaka 1995 serikali yao imekuwa ikiwalipa watu wasio na ajira kuondoa miti ya kigeni inayokunywa maji mengi.

Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa, na kipimo hicho ndicho tunachoambiwa kila tunapofundishwa kutunza chemchemi. Tuliposikia habari za mita 60, tuliamua kupima. Tulichukua kamba, tukaifunga fundo kila mita kumi kwa kutumia futi ya fundi cherehani, tukaanzia kwenye bomba la chemchemi kuelekea mtini. Hatukufika fundo la pili. Shina la kwanza lilikuwa pale.

Aliyeshika ncha ya pili ya kamba

Aliyeshika ncha ya pili alikuwa mkamwana wa mzee yule mwenye miti. Yeye ndiye anayeteka maji pale kila siku, asubuhi na jioni, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutuambia kwamba maji yanapungua. Lakini ninyi mlioolewa Uhayani mnajua, na walioolewa kwingine hawana tofauti kubwa: mke wa mwana hasimami mbele za watu kumjibu baba mkwe. Heshima hiyo ni nzuri na imelea nyumba nyingi. Basi mwaka hadi mwaka alinyamaza, nasi tukanyamaza pamoja naye. Tulisema ni neno la ukoo. Tulikumbuka pia kwamba mahali penye kitalu cha chama ni mzee huyo huyo aliyetupa bure.

Ilikuwepo na sababu nyingine iliyotufunga midomo, ambayo tulisemezana kwa sauti ya chini tu. Tulijiona si wenye ardhi. Mwanamke atasemaje juu ya miti iliyo kwenye ardhi ya ukoo, na yeye mwenyewe kakaribishwa tu? Mmoja wetu ndiye aliyetukumbusha kesi iliyoanzia hapa hapa wilayani, katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Holaria Pastory alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988. Bernardo Ephrahim, mwanamume wa ukoo wake, alimshtaki akisema kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki ile ile aliyo nayo mwanamume. Miaka tisa baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Mama yule hakuwa mwanasheria. Alikuwa mwanamke wa Kihaya kama sisi.

Na tukaisoma tena ile habari ya binti watano wa Selofehadi katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Mara nyingi mahubiri yanaishia kwenye urithi waliopewa. Sisi safari hii tuliangalia mahali waliposimama. Hawakumnong'oneza Musa kisimani. Walisimama mlangoni pa hema la kukutania, mbele ya kuhani na viongozi na mkutano wote.

Katiba iliyofungiwa kabatini

Alhamisi moja baada ya sala ya jumuiya, tulimwomba katibu atuazime katiba ya chama. Alishangaa kidogo. Katiba ilikuwa kabatini, safi kabisa, kama kitabu ambacho hakijawahi kufunguliwa, na kweli sisi tulikuwa hatujawahi kuifungua. Tuliisoma kwa sauti, kifungu kwa kifungu, hadi taa ikaanza kufifia.

Tulikuta kwamba mwanachama mwenye hoja anatakiwa kuipeleka kwa katibu kwa maandishi siku 14 kabla ya mkutano mkuu, nayo itakuwa ajenda kamili yenye namba yake. Tulikuta kwamba akidi ni nusu ya wanachama. Tulikuta kwamba hesabu za mwaka zinapaswa kuwa wazi kwa mwanachama yeyote anayetaka kuziona wiki moja kabla. Tulikuta pia, kwa aibu yetu, kwamba asiyelipa ada hapigi kura, na kwamba baadhi yetu tulikuwa tukinyoosha mikono miaka yote hiyo tukiwa na deni. Tulilipa. Mmoja aliuza kuku.

Wapo watakaosema mambo ya akidi na ada ni madogo kuliko miti. Sisi tunawakumbusha habari za marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya, ambaye dunia inamkumbuka kwa miti na kwa Nishani ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004. Kazi yake ya miti aliianza mwaka 1977 ndani ya Baraza la Taifa la Wanawake la Kenya. Mwaka 1979 aligombea uenyekiti wa baraza hilo, akakosa kwa kura tatu. Mwaka uliofuata akagombea tena, chama kikubwa cha wanawake kikajitoa katika baraza, naye akachaguliwa. Kura tatu! Sisi jikoni kwetu huwa tunakuwa zaidi ya kumi.

Tuliandika barua. Mkono ulikuwa wa mwalimu mstaafu, maneno yalikuwa yetu sote, na mkamwana yule alitia sahihi ya mwisho, kwa herufi ndogo sana.

Hatukutaka mzee ashtukizwe mbele za watu. Jioni moja tulimwendea nyumbani, tukaketi, tukaulizana habari, tukaagizwa kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi. Mke wake, bibi mwenye fimbo, alikuwa kando akisikiliza. Tulimweleza kila kitu. Mzee hakukasirika wala hakukubali. Alisema, "Nimewasikia. Tutakutana huko huko mkutanoni."

Ilibaki habari ya chakula. Hapa palikuwa na mjadala mrefu kuliko wa barua. Wengine waliogopa kwamba wageni wakilala njaa aibu itakuwa yetu. Mwishowe tulikata shauri kwamba maharage yachemshwe tangu usiku, na ndizi wapike vijana wa kwaya, wavulana, chini ya usimamizi wa mume wa mmoja wetu aliyekuwa amecheka sana aliposikia mpango huo. Alicheka, akapewa mwiko.

Ajenda namba tano

Siku ya mkutano tulikaa mstari wa mbele, tumevaa vitenge vya Jumapili. Katika ukumbi ulionekana wasiwasi fulani, kama siku mtu asiyezoeleka anapokaa kwenye kiti cha mwingine.

Taarifa ya fedha iliposomwa tuliuliza maswali mawili. La kwanza lilihusu nauli za kufuata mbegu, ambazo hazikuwa na stakabadhi. Mweka hazina alisema ataziwasilisha. La pili lilikuwa nani mkaguzi wa hesabu za chama. Watu walitazamana. Kumbe nafasi hiyo ilikuwa tupu tangu miaka miwili iliyopita, na hakuna aliyekumbuka. Hatusemi kwamba fedha ziliibiwa, na hatuamini hivyo. Tunasema tu kwamba hakuna aliyekuwa akitazama, na sisi tuliokuwa jikoni ni miongoni mwa wasiotazama.

Kisha ikaja ajenda namba tano. Katibu akaisoma barua yetu hadi mwisho. Ukumbi ukawa kimya. Baba mmoja akasimama, akauliza kwa ukali kidogo, "Hizo mita amepima nani? Ana utaalamu gani?"

Mkamwana aliinamisha macho chini. Tuliona mikono yake ikikunja pindo la kitenge. Kabla hatujajua nani kati yetu ajibu, tulisikia fimbo ikigonga sakafu nyuma yetu. Alikuwa bibi, mke wa mzee mwenyewe. Alisimama taratibu, akasema, "Kamba waliyopimia ni ya mbuzi wangu. Niliwapa mimi. Mafundo yapo hadi leo, na asiyeamini aje ayahesabu." Akakaa.

Watu walicheka, hata mwenyekiti. Mzee hakucheka. Aliomba nafasi, akasimama, akasema maneno ambayo bado tunayafikiri. "Miti hiyo imesomesha watoto wanne. Mmoja wao ni mume wa huyo mliyemshikisha kamba. Mlinipigia makofi nilipoipanda. Sasa niambieni, nikiikata yote nitakula nini?"

Tunakiri hapa kwamba katika barua yetu nzuri, yenye sheria na vipimo, swali hilo halikuwemo. Tuliandika juu ya maji na watoto, tukasahau kwamba mzee naye ana umri na hana pensheni. Mjadala ukachukua zaidi ya saa moja. Kuna waliotaka miti yote ikatwe mara moja. Kuna waliosema chama hakina mamlaka juu ya mali ya mtu. Ofisa aliyekuwapo alieleza sheria kwa upole na kushauri watu wasikilizane kwanza. Harufu ya ndizi zilizoungua kidogo iliingia dirishani na hakuna aliyeinuka.

Mwishowe uliafikiwa uamuzi wa nusu. Miti iliyo ndani ya mafundo mawili ya kwanza ikatwe kiangazi hicho, na chama kinunue nguzo zake kwa bei ya sokoni kwa ajili ya uzio wa chemchemi, fedha apewe mzee. Mahali pake ipandwe mishambya na mikuyu, miti ambayo wazee wetu waliikuta kandokando ya maji. Miti iliyobaki mzee aivune kadiri inavyokomaa, lakini asipande mingine. Hilo la mwisho mzee hakulikubali, na lilipitishwa kwa tofauti ya kura nne. Hatukufurahia kumshinda kwa kura. Aliondoka bila kula.

Katika uchaguzi, mama mmoja alipata nafasi ya mkaguzi wa hesabu. Wengine walimpendekeza mkamwana awe mjumbe wa kamati. Alikataa, akasema kwa mwaka mmoja amekwisha kufanya ya kutosha. Nasi hatukumlazimisha.

Visiki

Mwezi Juni miti ya mafundo mawili ilikatwa, na mzee alilipwa. Jambo moja hatukulijua vyema: mkaratusi ukikatwa haukubali kufa. Wiki chache tu na kila kisiki kilikuwa kimechipua kama shada. Sasa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunakwenda kuvunja machipukizi, na visiki vilivyo karibu zaidi na maji tunavibandua magome. Ni kazi ya kuumiza mgongo, kwa hiyo mnaopanga kufanya kama sisi, andikeni visiki kwenye azimio lenu tangu mwanzo. Mishambya imeshika, isipokuwa michache iliyoliwa na mbuzi. Bibi anasema si yule wake.

Je, maji yameongezeka? Tunaandika kwenye daftari kila Jumamosi, ndoo ile ile ya lita 20, mtu yule yule akiongoza sala. Agosti mwaka uliotangulia, rozari ilikuwa ikiisha ndipo ndoo inajaa. Agosti iliyopita ndoo ilijaa tukiwa katikati ya fungu la nne. Huenda ni visiki, huenda ni mvua nzuri za masika. Mwaka mmoja hautoshi kusema. Mkamwana ndiye anayetunza daftari.

Wiki iliyopita mzee alipita njia ya bondeni akatukuta tukivunja machipukizi. Alisimama akatazama bomba kwa muda mrefu. Akauliza mkutano mkuu ni lini, tukamwambia ni Machi. Akauliza tena, safari hii ndizi atapika nani.